Mawe Juu ya Paa la Yaya Astrida

Nyinyi vijana wa mwiko na tofali mnaopita kwangu siku hizi kuniuliza kama kuta zenu zitasimama, njooni mkae. Na nyinyi mnaovuka ziwa na mizigo ya samaki msiondoke, maana mwishoni nina neno lenu. Mimi nimestaafu. Magoti yamegoma kupanda ngazi, na macho yananidanganya mbele ya pimamaji. Lakini nilianza kujenga nikiwa kijana kule Pweto, nikajenga tena huku Nchelenge baada ya vita vya Kongo kutuvusha ziwa, na sijawahi kuona mafundi wakitafutwa kama mwaka huu. Hata mimi kizee naitwa nyumba kwa nyumba, napewa chai, naoneshwa nyufa.

Hofu ndiyo inayonipikia chai hiyo. Tangu kiangazi kianze, ardhi yetu haitulii. Mara ya kwanza ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimekaa uani nikichambua maharage, kuku wakanyamaza wote pamoja, halafu masufuria yakaanza kugongana jikoni kama kuna mtu anayatafutia mifuniko. Nilidhani ni lori la mchanga. Nikageuka kutazama barabara, hakuna lori. Siku ya pili ikaja tena, na baadaye ikawa inakuja ikijisikia, mara mbili kwa asubuhi moja, mara kimya kwa juma zima, tukishaanza kuzoea inarudi. Ule ukimya ndio mbaya kuliko mtikisiko wenyewe, kwa sababu unakaa ukiusikiliza.

Halafu ikaja ile sauti ya kwenye simu. Mnamjua Mama Solange, yule mfanyabiashara wa chisense, dagaa wa ziwa letu, ambaye nusu ya maisha yake yako huku na nusu yako Kilwa ya Kongo. Alishuka kwenye boti akiwa ameinua simu juu kama taa, akatukusanya pale pwani tunapoanika samaki.

“Bantu bangu, musikie! Huyu mutu iko anasema ya kweli. Alisoma mupaka Bulaya!”

“Alisoma nini?” nikamwuliza.

“Sijue, Papa Ngoy. Mais sauti yake ni ya mutu wa masomo.”

Sauti hiyo, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, ilisema kwamba chini ya ziwa letu umelala mlima wa moto mkubwa kuliko yote, umelala tangu kabla ya Adamu, na mitikisiko hii ni mlima unajigeuza kitandani. Siku ukiamka utameza kila kitu kuanzia Chienge hadi Mwansabombwe. Na kisiwa cha Chisenga ndicho kizibo chake. Nilicheka hapo, maana mimi nimelala Chisenga, nimejenga choo Chisenga, na najua kizibo hicho ni matope na mbu. Lakini kesho yake boti zilianza kuwasili zikiwa na wavuvi wa Chisenga, nyavu, magodoro na mbuzi, na sikucheka tena. Mtu akiacha kambi yake ya uvuvi wakati samaki wapo, ujue ameogopa kweli. Na mimi, niseme ukweli, jioni ile nilikwenda ukingoni nikachovya mkono nisikie kama maji yamepata joto.

Nitarudi kwenye mlima huo. Kwanza niwaambie alivyonifundisha Ba Mulenga, kwa sababu nyufa nyingi mnazonionesha zingemfanya avue kofia na kuikanyaga.

Ba Mulenga alikuwa Mbemba wa hapa hapa, fundi wa zamani, mwenye Kiswahili cha kununulia samaki tu. Nilipofika na vifurushi vyangu nikajiona bingwa, kwa kuwa kule Pweto nilikuwa nimejenga hadi dispensari. Alinipa ukuta wa jiko nijenge, akaenda zake. Nikaupandisha haraka, mstari umenyooka, nikajifuta jasho nikamngoja anisifu. Alikuja, akageuka, akaegemeza bega, akasukuma. Ukuta mzima ulilala juu ya maboga ya mwenye nyumba.

“Bwekeshapo,” akasema. Ndilo neno la kwanza la Kibemba nililolijua: rudia. Tulikula yale maboga yaliyopondeka mpaka nikayachukia.

Kosa langu lilikuwa kujenga kwa matofali makavu. Tofali la kuchoma likiwa kavu hunywa maji yote ya udongo unaoliunganisha, na udongo usiobaki na maji haushiki, unakuwa vumbi lililosimama kwa heshima tu. Lilowesheni tofali kwanza, mpaka liache kutoa mapovu, ndipo mliweke. Na udongo wa kichuguu uchekecheni, msiutumie na mizizi yake. Na mshono usipande juu ya mshono mwenzake. Tofali la juu likalie mawili ya chini. Mnayajua haya? Basi kwa nini juzi nimeona nyumba mpya kule barabarani ambayo pembe zake hazikuumana, kila ukuta unajisimamia kama mashemeji waliogombana? Ardhi ikitikisika, kila mmoja utakwenda upande wake.

Jambo jingine alilokuwa analichukia Ba Mulenga ni ile pembe tatu ya matofali inayopanda juu ya ukuta wa mbele kukutana na paa. Alikuwa akipenda paa la migongo minne, ukuta uishe sawa pande zote. Mchungaji mmoja alitaka pembe tatu ndefu kwa kanisa lake, msalaba uonekane toka ziwani. Ba Mulenga alikataa, kazi ikaenda kwa fundi mwingine, nikamlaumu Ba Mulenga mwezi mzima. Mwaka huu pembe tatu ile imeshuka yote, siku ya Jumanne, kanisani hamkuwa na mtu. Ba Mulenga hayupo kuona. Nilisimama mbele ya kifusi kile nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Sasa turudi kwenye hofu. Kosa letu sote lilikuwa kutaka kujua kesho. Mimi nilichukua timazi langu la kupimia wima wa ukuta, lile la chuma nililovuka nalo, nikalining'iniza kwenye boriti ya baraza. Nilitaka tu kujua, ninapohisi kitu, kama ni ardhi au ni moyo wangu. Jirani mmoja akaliona. Baada ya siku chache baraza langu limejaa. Watu wanatoka sokoni, wanasimama, wanatazama kamba. “Inatembea?” “Hapana, ni weye unapumua.” “Usipumue basi!” Mbuzi akapita akaligusa, wanawake wakakimbia na watoto mgongoni, mmoja akapoteza kiatu. Tulicheka baadaye, lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Nikaona watu hawaendi mashambani, wanakaa kutazama chuma kilichotulia na kukiogopa. Chuma kile hakijui lolote la kesho. Nikakiteremsha nikakifungia sandukuni, na wapo walionikasirikia kama nimewafichia habari.

Ndipo serikali ikamtuma bibi mmoja, mtaalamu wa mambo ya ardhi, bado kijana. Tulikusanyika kwenye kiwanja cha shule. Alizungumza Kibemba, na mwalimu wetu akageuza kwa Kiswahili. Alisema hakuna aliyewahi kukuta mlima wa moto chini ya ziwa hili. Alisema ardhi ya pande hizi inavutana polepole tangu zamani, na ikishindwa kuvumilia inakatika kidogo kidogo, ndiyo maana mitikisiko inafuatana. Watu wakashusha pumzi. Mama Solange akasimama.

“Donc itaisha lini? Na kubwa yenyewe itakuya?”

Yule bibi akajibu kwa neno moja. Mwalimu akakohoa, akatazama viatu vyake. “Anasema... hajui.”

“Geuza muzuri!” watu wakapiga kelele. “Mutu wa serikali hawezi kusema hajue!”

“Nimegeuza vizuri,” mwalimu akasema. “Hajui. Inaweza kwisha. Inaweza kuja kubwa zaidi. Anasema hakuna mtu duniani anayejua siku yake, na anayewaambia anajua anawadanganya.”

Wengi walikasirika. Mimi nilimwamini kuanzia hapo. Na yeye hakuondoka. Alingoja kelele zitulie, akasema kuna jambo moja analolijua. Mtikisiko wenyewe hauui mtu. Kinachoua ni kile kinachoanguka. Akanyoosha mkono kuelekea nyumba zetu, akauliza, na mwalimu akageuza kwa sauti ndogo: “Yale mawe juu ya mapaa ni ya nini?”

Kiwanja kizima kikageuka kutazama mapaa.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeyaona mawe yale tangu utoto, hamyaoni tena. Acheni niwaeleze. Tulipofika, kila mtu alihangaika mpaka akapata mabati yake. Sasa bati ukilipiga msumari umelitoboa, na lililotobolewa hulibebi kwenda kuezekea nyumba nyingine. Na sisi tulikuwa tunarudi Kongo. Tulikuwa tunarudi baada ya mavuno, halafu baada ya mvua, halafu baada ya uchaguzi. Kwa hiyo tuliyalaza mabati juu ya miti, tukayakandamiza kwa mawe makubwa ili upepo wa ziwa usiyachukue. Siku ya kurudi ungeshusha mawe, ungefunga mabati, ungepanda boti. Mtu akipiga misumari, majirani walikuwa wanapita kumwambia, “Pole, tumesikia umekufa Mukongo,” yaani umeacha kurudi. Mzaha, lakini mzaha wenye meno.

Mimi nilipiga misumari zamani. Nilikuwa fundi, nilichoka kupanda kila upepo ukivuma. Dada yangu Astrida, ninayemwita Yaya kwa kuwa kwetu yaya ni dada mkubwa, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, alikaa msimu mzima bila kula kwangu.

“Weye umeshafika,” aliniambia siku ile. “Miye siyafika. Miye niko mu njia.”

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo inaitwa Banza. Ni mwanawe wa pekee. Tulivuka naye, akiwa kijana wa kuoa, halafu akarudi Pweto kuangalia kama shamba la baba yake lingali letu. Alimwambia mama yake: nikiwa tayari nitakuita, njoo na mabati, nitakuwa nimesimamisha kuta. Mwanzoni salamu zilikuja kwa wauza samaki. Halafu zikakoma. Yaya hakuacha kuyahesabu mabati yale kuwa ni ya Banza. Yeye alikuwa analala chini yake tu, kama mtu anayemtunzia mwenzake mzigo.

Baada ya mkutano wa shule, walio wengi walishusha mawe. Upepo ukavuma siku hiyo hiyo. Bati la jirani liliruka likapita juu ya mihogo likalia kama radi, likatua pale mbuzi walipokuwa wamefungwa, Mungu akasaidia. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tu: misumari, au kurudisha mawe. Watu walirudi kwangu kuuliza, nikawaambia misumari. Wengine walipiga huku wanalia, wanaume wazima. Yaya Astrida alirudisha mawe.

Nilimsihi. Nilimwambia mawe yale yanapoteleza yanashuka upande wa mlango, pale pale mtu anapotokea akikimbia. Nilimtengenezea hata mzaha, nikamwambia atakufa na kichwa kilichopondwa na jiwe alilolipandisha mwenyewe. Hakucheka.

“Banza akiita, nitaenda na nini? Na matole yenye matobo?”

“Yaya, bati lenye matundu linazibika.”

“Haiko matobo yenyewe, Ngoy. Ni ile siku unapiga musomari. Siku ile umesema hataita.”

Nikarudi kwangu. Kila asubuhi nikaanza kuamka na kutazama ng'ambo ya ua kama kuna moshi jikoni kwake. Nikiuona, nakunywa chai. Mtu akiuguliwa na mkewe anajua anaogopa nini. Mimi nilikuwa naogopa jiwe, na nililijua hata rangi yake, lile jeusi lililokaa juu ya mlango, ambalo tulilibeba pamoja toka mtoni.

Ikaja asubuhi moja, jua limeshapanda. Nilikuwa nanoa panga. Ardhi ilinguruma kwanza, kwa mbali, halafu ikatuvuta miguu. Hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilisikia kuta zangu zikisaga meno, nikasimama katikati ya ua, na nikamwona Yaya anakuja mlangoni. Goti lake la kushoto ni bovu, hawezi kukimbia, anavuta mguu. Na juu yake nikaona lile jiwe jeusi likianza safari. Nilipiga kelele “Rudi!” nikaanza kumkimbilia. Jiwe lilishuka juu ya bati likilia, likaanguka kizingitini, likavunja mtungi wa maji uliokuwa hapo, na jingine likafuata. Yaya alikuwa bado hatua moja ndani. Goti lile alilolilaani miaka yote ndilo lililomchelewesha.

Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu siku tuliyovuka. Nilipofika nilimkuta amesimama mbele ya vigae, maji yanapita kwenye vidole vyake, ameshika kifua. Nilitaka kumgombeza. Badala yake nikamkumbatia, na yeye si mtu wa kukumbatiwa, akaniacha.

Tulikaa chini pale pale uani. Akaokota kigae kimoja cha mtungi, akasema, “Lete misomari.”

Nikainuka kabla hajabadili nia.

“Ngoy. Mais utaacha tole moya.”

Basi nilipanda ngazi ambayo nilikuwa nimeapa kutoipanda tena, magoti yakilia kuliko bati. Mawe niliyashusha kwa kamba, moja moja, siyo kwa kuyatupa. Jiwe linalotupwa toka paani huwa linamtafuta mtu. Nilikata kandambili kuukuu vipande vidogo vya mviringo, kila msumari na kipande chake cha mpira chini ya kichwa chake, ili maji yasiingie. Na msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe usipige bondeni ambako maji yanapita. Andikeni hilo vichwani mwenu, maana nyumba nyingi zinavuja kwa uvivu huo tu. Yaya alisimama chini akinipa msumari mmoja mmoja. Kila mmoja aliushikilia kidogo kabla ya kuniachia.

Bati la mwisho hakunipa. Alilifuta vumbi kwa kitenge, akaliingiza ndani, akalilaza nyuma ya kitanda chake. Pale juu palipobaki wazi nilifunga turubai tulilopewa siku za kufika, na mvua zikija patavuja, na ataweka beseni, na ole wake fundi atakayeingia humo akamwambia kuna bati zima nyuma ya kitanda. Anajua kwamba lipo.

Mitikisiko haijaisha. Mlima wa Mama Solange haujaamka, na yeye ameshapata sauti nyingine kwenye simu, safari hii inahusu maji ya ziwa kukauka. Wavuvi wa Chisenga wamerudi kwenye kizibo chao. Mimi bado nalala nikisikiliza, siwezi kuwadanganya. Mkiniuliza kama kubwa itakuja, nitawajibu kama yule bibi wa serikali.

Lakini juzi ilitikisika tena, mchana. Misumari ilishika, hakuna kilichoanguka. Yaya alitoka nje na goti lake, nami nikatoka, tukakutana katikati ya ua kama tulivyozoea. Nilikuwa nalitazama paa, najisifu kimoyomoyo. Yeye alikuwa amegeukia kaskazini, upande wa Pweto, mkono juu ya macho.

“Hii na Banza ameisikia,” akasema. “Ni udongo moya.”

Nikasema ndiyo, yawezekana ameisikia.

Akanishika mkono, akaubana. “Ngoy, na yeye kule, nani alimushushia majiwe?”

Ndiyo sababu niliwazuia nyinyi mnaovuka na samaki. Mkifika Pweto, mkifika Kilwa, mkifika kambi yoyote ya pwani ile, tazameni juu ya mapaa kabla hamjaanza biashara. Mkikuta mawe, mwambieni mwenye nyumba ayashushe, apige misumari kwenye mgongo wa bati, aweke mpira. Mwambieni kila mtu, hata asiyewauliza. Na mkimkuta mwanamume mrefu, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko, anayeitwa Banza, mwambieni kwamba mama yake bado yuko njiani, na bati moja halijatobolewa. Lakini mwambieni kwanza habari ya mawe.